Dada sikupigi, RAM ndo zimepanda kweli

Wiki tatu zilizopita kaja dada mmoja mwalimu wa sekondari hapa bandani kwangu Mwenge, kaweka HP yake mezani, anasema fundi hii mashine inanizeesha, nikifungua Excel na Chrome pamoja inaganda, naenda kuchota maji narudi bado kale kaduara kanazunguka. Nikaifungua mbele yake. RAM moja ya 4GB, sloti ya pili ipo wazi haijawahi kuguswa, yani kazi nyepesi kabisa, kazi ambayo mwaka juzi nilikuwa naifanya huku simu nimeibana begani. Nikamwambia ticha hapa tunaongeza 8 mashine inakimbia. Shilingi ngapi? Nikamtajia. Akanyamaza kwanza. Halafu akasema, "Fundi, mdogo wangu si ulimwongezea hapahapa mwaka jana mwezi wa tatu, elfu arobaini na tano?"

Na kweli nilimfungia mimi, 8GB used ya DDR4 (kizazi cha nne cha RAM hizi, kabla ya DDR5 mpya), 45,000 na ufundi humohumo. Sa hivi kipande kilekile, used vilevile, mimi mwenyewe nakichukua Kariakoo kwa laki na kumi, na kuna siku nazunguka maduka manne hakipo.

Aliondoka bila kugomba ila nilijua anachowaza, maana wengi wanawaza hivohivo, fundi ameona mwalimu kapokea mshahara ameamua kumpiga. Kwahiyo nimeamua niandike hii kitu moja kwa moja, atakayeniuliza tena namtumia linki WhatsApp niendelee na kazi zangu.

Wa kwanza kulaumiwa huwa ni dola. Lakini nusu ya pili ya mwaka 2025 shilingi yetu ilipata nguvu kidogo mbele ya dola, na ni kipindi hichohicho RAM zilianza kupaa, kwahiyo dola iacheni ipumzike, safari hii haihusiki. Wa pili kulaumiwa ni wafanyabiashara wa Kariakoo. Hao siwatetei sana, kuna walioficha mzigo, nawajua, ila hata wao wananunua kwa bei ya kulia.

Kwa wasiojua, mashine yako ina stoo na ina meza ya kukatia mboga. Stoo ni SSD au hard disk, vitu vinakaa hata umeme ukikatika. RAM ni ile meza. Ukifungua vitu vingi meza inajaa, unaanza kupanga vitu chini, kazi inakuwa taratibu. Basi hiyo meza ndo imepanda bei, na stoo nayo inaifuata nyumanyuma kwa sababu chipu nyingi za SSD zinatoka kwenye kampuni zilezile za RAM.

Chukua RAM yako ya laptopu uigeuze. Ina stika imeandikwa kitu kama 8GB 1Rx8 PC4-2666V, chini yake kuna vibati vyeusi vinane. Stika inaweza kusema Kingston, Adata, Corsair, jina lolote la kupendeza, lakini soma maandishi madogo kwenye vile vyeusi, inabidi umulike tochi ya simu kwa pembeni ndo yanaonekana. Utakuta SEC, hiyo ni Samsung. Utakuta SK hynix. Au utakuta kodi fupi inayoanza na D9, huyo ni Micron. Karibu kila RAM inayopita mezani kwangu ni ya mmoja kati ya hawa watatu, wawili Wakorea na mmoja Mmarekani, na dunia nzima iko hivo, hawa watatu wanashika zaidi ya asilimia 90 ya soko. Zamani walikuwa wengi. Nina kopo la maziwa limejaa RAM za DDR3 na DDR2 za zamani, humo zipo za Qimonda ya Ujerumani iliyofilisika 2009, zipo za Elpida ya Japani iliyofilisika 2012 ikaishia mikononi mwa Micron. Hii biashara inaua watu. Bei ikishuka inashuka mpaka unauza chini ya gharama, asiye na mtaji mnene anazikwa.

Na hapo ndo hadithi yenyewe inapoanzia. Baada ya korona watu wote wakawa wameshanunua laptopu na simu, mauzo yakafa, maghala yakajaa. Mwaka 2023 kitengo cha chipu cha Samsung kilipata hasara ya karibu trilioni 15 za won, hela ya Korea. Samsung hao! Wakapunguza uzalishaji, na wenzao wakapunguza. Sisi huku tulikuwa tunafurahia, 8GB ilikuwa inashuka kila mwezi, nilikuwa nawafungia wanafunzi wa Mlimani 16 kama mchezo, kumbe bei ile ilikuwa ya watu wanaokaribia kulia.

Halafu ikaja hii AI.

Hizi akili mnemba, ChatGPT na ndugu zake, zinaendeshwa na GPU kubwa za seva (chipu zinazopiga hesabu nyingi kwa mpigo), na GPU hizo zina RAM yake maalum inaitwa HBM. Sikiliza inavyotengenezwa. Wanachukua chipu za RAM wanazipunguza unene, wanazipanga juu kwa juu kama chapati, nane au kumi na mbili, wanazitoboa vitundu vidogo ambavyo jicho halivioni, wanapitisha shaba toka ya juu mpaka ya chini, halafu mnara huo unakaa ubavuni mwa GPU umegandishwa hapo moja kwa moja. Chapati moja ikiungua katikati, rundo zima linatupwa. Ndo maana inakula malighafi vibaya. RAM zote, ya kwako na ya kwao, zinakatwa kutoka kwenye sahani ya silikoni ya upana wa milimita 300, wenyewe wanaiita weifa, na Micron walishasema wazi kwamba kiasi kilekile cha gigabaiti kikitengenezwa kwa HBM kinakula weifa karibu mara tatu ya DDR5 ya kawaida.

Hebu tupige hesabu ya kifundi. GPU ya Nvidia H100 ina 80GB, H200 ikaja na 141GB. Kabati moja la seva lenye GPU 72 za Blackwell, kizazi kilichofuata cha Nvidia, lina HBM ya zaidi ya terabaiti 13. Gawanya kwa 8 uone ni laptopu ngapi za ticha. Ni 1,600 na ushee. Sasa zidisha na ile mara tatu ya weifa, unafika karibu laptopu 5,000. Kabati moja hilo, na wao hawanunui kabati moja.

Mwezi wa kumi 2025, tarehe 1, OpenAI wenye ChatGPT wakaenda Seoul wakasaini barua ya makubaliano ya awali na Samsung na SK hynix, hitaji lililotajwa likiwa linafika weifa 900,000 kwa mwezi kwa ajili ya Stargate, mradi wao wa kujenga vituo vya data. Ni barua ya nia tu, hakuna hela iliyotoka siku ile, lakini soko halisubiri hela, soko likisikia tu harufu linakimbia. Mwezi huohuo SK hynix wakasema uzalishaji wao wa mwaka 2026 umeshapata wenyewe wote. Samsung nao, RAM ya 32GB ya DDR5 waliyokuwa wanauza kwa mikataba dola 149 mwezi wa tisa, mwezi wa kumi na moja ikawa dola 239. Miezi miwili! Na hiyo ni bei ya wanaonunua kwa mikataba, bado haijafika dukani, bado haijapanda meli.

Kilichoniuma mimi binafsi ni Crucial, jina la dukani la RAM za Micron. Kwa mafundi Crucial ilikuwa ndo RAM ya kumwekea mtu ukalala usingizi, haina mbwembwe za mataa, inakubali kwenye karibu kila mazabodi, ule ubao mkuu wa mashine. Tarehe 3 Desemba 2025 Micron wakatangaza wanaifunga hiyo biashara yote, miaka 29 basi, watapeleka mzigo mpaka Februari 2026 halafu kwaheri, nguvu zinahamia kwa wateja wakubwa wa vituo vya data. Nilisoma lile tangazo nikiwa nakunywa chai kwa mama Zai nikaona kama nimesomewa tanzia. Ila nikijiweka mahali pao, mteja mmoja anataka mzigo wa mwaka mzima na analipa mbele, mwingine anataka kipande kimoja na anaomba umpunguzie elfu tano. Ningefanya hivohivo. Msinichukie.

Kuna jamaa zangu kwenye grupu la mafundi wanasema hawa watatu wamekaa chini wakakubaliana kutubania. Simlaumu anayefikiri hivo maana walishawahi kufanya kweli, ile kesi ya Marekani ya kupanga bei, Samsung walilipa faini dola milioni 300 mwaka 2005, Hynix milioni 185. Ila safari hii sioni haja hata ya kukutana. Ukiwa na mteja kama OpenAI mlangoni unahitaji kula njama ya nini.

Sasa twende kwenye swali lililokuwa nyuma ya lile la ticha, na mimi lilinisumbua muda mrefu. AI inataka HBM, na ukiacha HBM inataka DDR5 mpya za seva. Hii DDR4 ya laptopu ya mwaka 2018 nani anaigombania?

Jibu ni bucha. Nyama ya steki ikipanda, waliokuwa wanakula steki wanahamia kwenye nyama mchanganyiko, waliokuwa wanakula mchanganyiko wanahamia kwenye utumbo, na utumbo unapanda. Halafu anayelala njaa ni yule ambaye toka zamani alikuwa anakula utumbo. Sisi wa used ndo wa utumbo.

Ilianza hata kabla ya Oktoba. Mwaka 2025 wale watengenezaji walianza kuwaambia wateja wao kwamba DDR4 wanaiaga, mashine zile wanazitaka kwa kazi yenye faida zaidi. Lakini DDR4 bado ipo kwenye maseva ya zamani, kwenye mitambo ya viwandani, kwenye vitu kibao, wenye hivyo vitu wakaogopa wakaanza kukusanya. Ikafika mwezi wa sita 2025 DDR4 sokoni ikawa ghali kuliko DDR5, yani kitu cha zamani kinaipita bei ya kipya, sijawahi kuona toka nianze kushika bisibisi. Halafu DDR5 nayo ikaja kupaa, watu wa kule Ulaya na Marekani waliotaka kujenga kompyuta mpya wakashindwa, wakarudi kununua DDR4 used. Zile zilizokuwa zinakuja kwetu! Na tarehe 14 Oktoba 2025 Windows 10 ikaishiwa muda wake, kila mtu anataka mashine ya Windows 11, na Windows 11 ukiipa 4GB inakutazama tu kwa huruma.

Laptopu nyingi za used tunazouza hapa zimetoka kwenye maofisi ya Ulaya, zinafanya kazi miaka mitatu minne, zinauzwa kwa mkupuo, zinapita Dubai zinachambuliwa, ndo zinafika kwetu. Januari mimi na mwenzangu tuliagiza ishirini, ThinkPad T480 na ndugu zake. Mzigo umefika, nafungua ya kwanza haiwaki, inapiga mlio tu. Nafungua mfuniko, sloti mbili wazi kama pengo la mtoto wa darasa la kwanza. Ya pili hivohivo. Kumi na nne kati ya ishirini hazina RAM hata moja, na bei hatujapunguziwa, tukipiga simu tunaambiwa sa hivi ndo zinavyouzwa, RAM mnatafuta wenyewe. Zamani tulikuwa tunalalamika zikija bila chaja, kumbe tulikuwa tunadeka.

Na kuna mambo mabaya yameingia mtaani. Mwezi uliopita kijana kaleta mashine yake nibadilishe kioo, anasema ina 16, mimi naiona ina 8. Tumeangalia pamoja, kweli 8, na skrubu mbili za mfuniko hazipo. Alikuwa ameipeleka kwa fundi mwingine kubadilisha kibodi, na huko ndo ilikopungua. Huyo fundi simtaji na hata ushahidi sina. Lakini toka siku hiyo mtu akiniachia mashine namfungulia mfuniko palepale, namwambia piga picha stika ya RAM yako na namba zake zionekane, siku ya kuchukua unafananisha. Wengine wananicheka. Miaka ya nyuma nani angeiba RAM, mwizi alikuwa anaona kero kuibeba.

Kwenye simu mtaiona zaidi maana simu ndo kila mtu anayo. Tecno, Infinix na itel zote tatu ni za kampuni moja, Transsion ya Shenzhen, na ndo simu za watu wetu wengi. Simu ya milioni tatu RAM ikipanda bei mwenye kampuni anaweza kuimeza kwenye faida yake. Simu ya laki mbili na nusu faida yake ni nyembamba na memori ni sehemu kubwa ya gharama, hakuna pa kuificha, ama anapandisha bei ama anapunguza RAM. Kwahiyo mkiona matoleo mapya yanarudi kwenye 4GB msishangae. Na msidanganywe na yale maandishi ya kwenye boksi, 4+4, eti 8GB. Ile 4 ya pili ni stoo imeandikwa jina la meza. Inasaidia kidogo sana, afadhali uchukue 6 ya kweli kuliko 4+4.

Itashuka lini? Kila mtu ananiuliza kama vile mimi ni mjumbe wa bodi. Kiwanda cha RAM hakijengwi kama fremu za maduka, ni miaka. Micron wana kipya Idaho ambacho wanasema kitaanza kutoa chipu 2027. Wakorea nao wanajenga. Kuna Wachina, CXMT wa Hefei, hao ndo tumaini la wanyonge ila nao tayari macho yao yanaelekea kwenye HBM, nani asiyependa hela.

Kuna wanaoniambia subiri AI ipasuke, yale maseva yatauzwa kama mitumba na RAM itamwagika. Hapa ndo nawakatisha tamaa. Mtumba wetu siku zote ni ofisi ya mtu miaka minne iliyopita, RAM inachomolewa huku inachomekwa kule, kwisha kazi. HBM haichomoki. Imegandishwa pamoja na GPU, ikifa inakufa nayo, ukiibandua umepata kokoto. Na RAM zile ndefu za seva hazikai kwenye laptopu. Kwahiyo weifa iliyoenda HBM mwaka huu imetoka kabisa kwenye mnyororo wetu, hata mwaka 2030 haitakuja kutua Mwenge. Hata bei mpya zikishuka huko kwao, sisi wa used tutakuwa na upungufu wa mashine ambazo hazikununuliwa miaka hii, au zilinunuliwa na 8 badala ya 16. Hili sijaona likisemwa na huwa linanikosesha raha nikifunga banda jioni.

Ushauri wangu ni mdogo. Kama unanunua laptopu, hakikisha RAM haijachomelewa kwenye mazabodi, maana hizi nyembamba nyingi zimechomelewa, ulichonunua ndo hichohicho mpaka kiama. Chukua yenye RAM nyingi leo hata kama prosesa ni ya zamani kidogo. Na mashine zenu zilizokufa mlizozitupia juu ya kabati, msiwape watoto wachezee.

Ambalo linanirudisha kwa ticha. Jumamosi kaja tena, safari hii na mfuko wa rambo, ndani kuna Dell imekauka imepigwa chai ya maziwa, ya shemeji yake, ilimwagikiwa wakati wa mitihani ikafia hapo, akaambiwa chukua tu labda ina faida. Nimeifungua, mazabodi imeota kutu ya kijani, kuna mpaka majani ya chai yameganda karibu na feni. RAM imo moja. Nimeichomoa, nimeisafisha na spiriti, nikachukua kifutio cha penseli nikasugua meno yake ya dhahabu taratibu mpaka yakang'aa, nikapuliza. DDR4, mkato wake upo sehemu sahihi. Stika ilikuwa imetoka nusu kwa chai, nikaichomeka kwenye HP yake hivohivo, nikawasha. Ilikaa kimya kama sekunde ishirini, wote tumeinama tunaangalia kioo cheusi. Ikawaka. Nikamwonyesha: 20GB. Yake 4, ya shemeji 16.

Akauliza, "Kwahiyo hii ya 16 peke yake sa hivi inauzwa shilingi ngapi?"

Nikamtajia. Akanyamaza kama siku ile ya kwanza. Akafunga laptopu, akaitia kwenye begi, akanipa elfu kumi ya ufundi bila kuomba nipunguze, akafika mlangoni akageuka.

"Ila fundi, shemeji akija hapa, wewe sema ilikuwa imeungua."